Mishono Mitatu ya Mshipi

Musoma, 3 Juni 2024

Wifi Kalista,

Kabla hujaendelea kusoma, mshushe mtoto. Kama ananyonya, acha amalize. Na kama Kaka Theophil yuko chumbani, kunja karatasi hii uisome akitoka. Ndiyo sababu nimeificha katikati ya kanga, na Kissa nimemwapisha akija huko na biashara zake akukabidhi wewe, mkono kwa mkono. Kwenye simu sikuthubutu. Simu ni yenu wawili, na Kaka hufungua ujumbe wa sauti mbele ya watu wote.

Baba hatunaye. Alifariki Alhamisi tarehe 30 Mei, saa kumi jioni, akiwa kwenye cherehani yake. Mguu ulikuwa bado juu ya pedali. Mimi nilikuwa uani nafua, nikasikia mashine imenyamaza, nikadhani uzi umekatika. Nikaendelea kufua. Hilo ndilo linanila, wifi, kwamba niliendelea kufua. Tulimzika Jumamosi, ubavuni kwa Mama.

Kikao cha ukoo kimeamua Kaka asiambiwe mpaka pasi yake ya kusafiria irudi kutoka ilikopelekwa kuongezewa kibali. Akiambiwa leo atafanya nini? Ndege hawezi kupanda. Na ya kifo cha Mama unayakumbuka. Aliyempigia simu siku ile alimkuta pale sokoni Zhanxi peke yake, katikati ya mikokoteni na watu wanaogombea bei, akamwambia hivyohivyo. Wewe na rafiki yake Adrian ndio mlimtafuta usiku kucha, mkamkuta kesho yake jioni ng'ambo ya mto, hana viatu. Kwetu mtu haambiwi msiba akiwa peke yake. Anafuatwa, anakalishwa, anashikwa mikono. Huko nani angemfuata?

Na wewe pia walisema usiambiwe. Baba mdogo Medard alikazana: "Mama anayenyonyesha hapewi habari ya msiba, maziwa yatakauka." Nimewavunjia neno. Niliona lazima mtu mmoja huko ajue, ili siku ikifika Kaka awe na wa kumshika.

Bahasha ya pili mpe Kaka. Ni barua ya Baba. Nimeiandika mimi, kama siku zote nilivyoandika yeye akinena, ila safari hii hapakuwa na wa kunena. Unajua Baba hakuwa mtu wa simu, aliishika mbali na sikio kama pasi ya mkaa. Kaka asipopata barua mwezi huu atashtuka. Nimetia na kipande cha kitambaa, kama kawaida ya Baba, atafutiwe kinachofanana pale Zhongda, kwenye soko la vitambaa.

Nisamehe, wifi. Sikuona njia nyingine.

Careen


Guangzhou, 12 Juni 2024

Careen wifi yangu,

Nimekusoma ngazini, kati ya ghorofa ya sita na ya saba. Katika jengo hili hapo ndipo pekee mtu anaweza kuwa peke yake. Abeli alikuwa mgongoni, amelala. Nilimaliza nikarudia tena toka mwanzo, halafu nikapanda kusonga ugali kwa sababu saa ilikuwa imefika.

Pole sana. Pole kwa kufua, pole kwa kuzika bila sisi. Baba yule siku ya kwanza nilipoingia kwenu alinitazama mabega tu, akasema, "Huyu hahitaji futi, nimeshampima," na gauni la harusi likanikaa kama ngozi. Nimelia kidogo tu. Kilio kikubwa nimekiweka akiba, sijui mpaka lini.

Barua nilimpa jioni ile. Alisoma amesimama dirishani, magari ya barabara ya Huanshi Zhonglu yanapita chini. Alikigusa kile kitambaa. Akageuza karatasi akaangalia nyuma, akairudisha.

Nikamuuliza, "Mzee anasemaje?"

"Hajambo. Anatafuta kitambaa."

Kisha akamchukua mwanawe. Unajua humwita Baba, kwa kuwa amebeba jina la babu yake. "Baba, lala. Baba, umechoka." Mimi nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Usiku huohuo akachukua fimbo ya kuvulia akatoka na Mzee Liang, mlinzi wa jengo letu. Zamani walikuwa wanakwenda Jumamosi tu. Kuna bwawa nje ya mji, watu wanalipa kiingilio wanavua mpaka alfajiri, kwa sababu kiangazi hiki mchana samaki hawali. Tangu siku ile amekwenda usiku tatu kati ya nne. Namwona anafurahi na fimbo yake, nami nimekaa na kifo cha baba yake chini ya godoro. Wifi, hili si jambo jepesi mlilonipa.

Na maziwa yanapungua. Nimemwambia Theophil ni joto.

Pasi tumeambiwa itatoka tarehe 9 Julai. Nitavumilia mpaka hapo.

Kalista


Guangzhou, 13 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Barua nimeipata kwa mkono wa mke wangu. Careen, msomee Mzee polepole, usiruke mstari.

Kitambaa nimekitafuta Zhongda siku mbili. Kijivu ni vya kumwaga, ila huu mstari mwembamba wa buluu ulinizungusha. Mama mmoja wa ghala la ndani kabisa alikishika, akakisugua kwa kidole gumba kama wewe, akaingia nyuma akatoka na jora lenyewe. Nimekata mita nne. Zinatosha suti ya mtu mzima, nitakuja nazo mwenyewe.

Nimeona safari hii sampuli imebanwa kwa pini. Miaka saba unanitumia vipande, na kila kimoja umekishona kwenye karatasi mishono mitatu ya mkono, unasema pini inaacha kutu kwenye nguo ya watu. Nadhani macho yamechoka. Pumzika, Baba. Umeshona vya kutosha.

Mimi sasa navua usiku, kama wewe Jumamosi ulivyokuwa unafunga duka unatupeleka kule kwenye mawe na ndoano zako. Samaki wa hapa wanamwita lu. Ni kama sangara mdogo, mdomo mpana, mgongo wa kijani. Mchana maji yana moto, wanajificha chini. Usiku wanakuja kingoni kabisa, futi mbili kutoka miguuni pako. Natumia chura wa mpira. Unamvuta juu ya maji, unamsimamisha, unasubiri. Maji yakipigwa kofi huvuti. Unaacha samaki ageuke na chakula chake kwanza, ndipo unakaza. Ulinifundisha hivyo nikiwa na miaka minane, na kila mara nilivuta mapema.

Nawapima kwa ile futi yako ya zamani uliyonipa. Hakuna aliyetimia vipimo. Wote nimewaambia ulivyokuwa unawaambia wewe: "Mteja, nguo hii bado kubwa kwako, rudi kwenu ukakue."

Mwanao,
Theophil


Musoma, 26 Juni 2024

Wifi,

Barua ya Kaka kwa Baba imefika. Nilimsomea Baba, usinicheke. Nilikaa kwenye kigoda karibu na cherehani nikasoma kwa sauti, polepole, sikuruka mstari.

Tumshukuru Mungu Kaka hana shaka hata chembe. Anapiga hadithi za samaki na vyura wa mpira! Amesema mpaka Baba apumzike macho. Nilipofika hapo nikashindwa, lakini nilimaliza.

Jambo la kukazania sasa ni tarehe. Wazee wameahirisha kuanua matanga mpaka Jumamosi 27 Julai. Droo ya cherehani haijafunguliwa tangu Baba afariki. Afungue mwana wa kwanza, akae kwenye kiti, aseme mashine itakaa wapi. Asipokuwepo siku hiyo Baba mdogo atafungua, na mashine itahamia kwake. Simsemi vibaya, ndiyo taratibu. Lakini Kaka akija kukuta kiti kitupu na mashine imeondoka, mimi sitaweza kumtazama machoni.

Nimeambatanisha barua nyingine ya Baba umpe. Fupi tu, ya kumpitishia siku. Usimgombeze kwa ajili ya samaki, wifi. Mwache afurahi siku zilizobaki.

Careen


Guangzhou, 6 Julai 2024

Careen,

Barua yako ya pili, ile ya "Baba," sitampa. Iko chini ya godoro la mtoto na bahasha sijaifungua. Ya kwanza nilimpa kwa kuwa sikuwa na akili yangu siku ile. Sasa ninayo.

Unasema nisimgombeze. Nimeshamgombeza. Nisikilize kabla hujanihukumu.

Anatoka saa mbili usiku, anarudi kumekucha, anaoga, anakwenda kusimamia kago. Macho mekundu. Chakula anakichezea. Jumatatu amerudi kichwa kimenyolewa chote, kinang'aa kama sufuria. Nikamuuliza ni nini hiki? "Joto," akasema. Na samaki hata mmoja hajaingia humu ndani. Hafidha, jirani yangu Mzanzibari wa ghorofa ya juu, aliniuliza mbele ya wanawake wote kwenye lifti, "Shoga, mumeo anavua samaki gani asiye na harufu? Mwezi mzima pua zetu zinangoja!" Walicheka mpaka ghorofa ya tisa. Nami nilicheka. Nilipoingia ndani nikanusa shati lake. Niliwaza kuna mwanamke, sitakuficha. Lilikuwa na tope na moshi wa sigara za Mzee Liang, basi.

Nikamwambia, "Theophil, una mtoto."

"Najua nina mtoto."

"Basi kaa nyumbani usiku mmoja umshike, mimi nilale."

Alinitazama kama mtu anayetaka kusema neno, kisha akainama akafunga kamba za viatu. Nikabaki na hasira, na chini ya hasira huruma, kwa sababu namwona mtu anayecheza hajui nyumba yao imeanguka.

Na maziwa yamekwisha. Nilikuambia yanapungua, sasa hayapo. Abeli anakunywa ya kopo. Theophil analiona kopo mezani, hajauliza.

Kwa hiyo nimeamua, na siombi ushauri. Pasi inatoka Jumanne. Jumamosi tarehe 13 nitakwenda naye bwawani na mtoto, nimwambie hukohuko. Mzee Liang atakuwepo, watu watakuwepo, hatakuwa peke yake, na mahali penyewe anapapenda. Mzigo mmenitwisha nyinyi. Pa kuutua niacheni nichague mwenyewe.

Waambie wazee wafute neno lao au wasifute. Mimi ni mke wake.

Kalista


Guangzhou, 15 Julai 2024

Wifi Careen,

Barua hii analeta Theophil mwenyewe. Kwa hiyo unaposoma umeshamwona, na umeona hakuja na uso wa mtu aliyeambiwa juzi.

Jumamosi nilimfunga Abeli mgongoni. Theophil akasema, "Kule kuna mbu."

"Hata hapa wapo."

Mzee Liang alituendesha mpaka bwawani. Zamani lilikuwa shamba la samaki, sasa ni bwawa la wavuvi wa usiku. Kuna vigoda vya plastiki pembezoni na watu kama ishirini, kila mmoja na taa ndogo ya buluu miguuni. Taa haimulikwi majini, samaki wanakimbia, kwa hiyo nyuso huzioni, unaona ndala tu. Hakuna anayeongea. Nilikuwa nimejiandaa kukuta starehe, vicheko na bia. Wifi, ni kama kanisani wakati wa maungamo.

Alirusha chura wake. Akamvuta, akamsimamisha. Maji yakapigwa kofi, nikaruka mimi. Yeye hakuvuta. Akasubiri, ndipo akakaza. Akamtoa samaki, akavua ile futi ya Baba shingoni, nayo anaivaa kama fundi kabisa, akampima. "Inchi kumi na moja. Rudi kwenu ukakue." Akamrudisha kwa mikono miwili.

Nikasema, "Baba Abeli, kaa chini."

"Nimekaa."

"Weka fimbo."

Akaiweka. Nikaushika mkono wake kwa mikono yangu yote miwili. Ulikuwa wa baridi na una magamba.

"Mnyonyeshe mtoto kwanza," akasema.

"Ameshakula."

"Mnyonyeshe tu, Mama Abeli. Kuna neno nataka kukuambia, nimelibeba siku nyingi. Afadhali anyonye kwanza."

"Na mimi nina neno. Ndilo limenileta huku kwenye mbu."

Nadhani hapo ndipo kila mmoja alipoanza kumwona mwenzake.

"Ni la Mzee?" akaniuliza.

"Ni la Mzee."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu Juni. Na wewe?"

"Tangu Juni."

Wifi, alijua tangu jioni ile niliyompa barua yako. Ni ile pini. Baba hajawahi kubana sampuli kwa pini maishani mwake, alikuwa anaishona kwenye karatasi mishono mitatu. Wewe mtoto wa fundi ulilisahau, kwa sababu ulikuwa unashika kalamu na yeye anashika sindano. Theophil aligeuza karatasi akatafuta mishono upande wa nyuma, hakuiona. Akashuka chini akampigia Baba mdogo Medard. Hakumuuliza kama Mzee yupo. Alimuuliza, "Baba mdogo, mmemzika lini?" Yule mzee akajibu, "Jumamosi, mwanangu." Na kabla ya kukata: "Mkeo ananyonyesha. Ukilia, lia mbali."

Basi akaenda mbali. Kila usiku. Mzee Liang ndiye pekee alijua, aliambiwa kwa ishara: alionyeshwa picha ya Baba kwenye simu, kisha udongo. Na kichwa alinyoa kama mwana aliyefiwa anavyonyolewa, bila ndugu, kwa kinyozi wa mtaani aliyemuuliza kama ana chawa.

Nilimuuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilihofia maziwa ya mtoto."

"Maziwa yalianza kukauka siku ileile ya barua. Sasa hayapo."

"Lile kopo..."

"Lile kopo."

"Ulisema ni joto."

"Na wewe kichwa ulisema ni joto."

Akacheka. Kicheko kimoja, kifupi, na nyuma yake kikaja kilio. Si cha machozi tu, cha sauti, kile cha msibani kwenu. Nilimshika kichwa chenye upara nikakiweka mapajani. Abeli akaamka naye akalia, hajui analia nini. Watu wale wote waligeuka. Nikasubiri watufukuze, maana samaki wa bwawa zima watakuwa wamekimbia. Mzee Liang akainama akazima taa yake ya miguuni. Jirani yake akazima. Wa tatu akazima. Wakakaa gizani, fimbo zimelala, mpaka alipomaliza. Baadaye mmoja alileta chai kwenye kikombe cha karatasi akaiweka chini karibu na mguu wangu, akaondoka.

Careen, sikulaumu kwa kuniambia. Bila wewe angekuwa peke yake mpaka leo. Lakini sikiliza: usiandike tena kwa mdomo wa aliyelala. Bahasha yako ya pili nakurudishia, haijafunguliwa. Na mwambie Baba mdogo, kwa heshima zote, kwamba mama anayenyonyesha akifichwa anakonda vilevile, na mume akilia mbali anasikika vilevile. Mimi nilikisikia kilio kile mwezi mzima. Nilidhani ni ukimya.

Mimi na mtoto tunabaki, kibali chetu bado. Mpokeeni. Mkalisheni. Mshikeni mikono, hata kama anajua.

Kalista


Musoma, 28 Julai 2024

Mama Abeli,

Ningeweza kupiga simu, lakini kilichomo humu hakipiti kwenye simu.

Matanga yameanuliwa jana. Baba mdogo alinikalisha kwenye kiti cha Mzee mwenyewe, akanipa ufunguo. Akasema mbele ya watu, "Nilimwambia mtoto huyu alie mbali. Nilikosea. Leo alie hapa." Nikalia hapo.

Careen ameniambia la kitambaa. Suti ile ya kijivu Mzee alikuwa anajishonea mwenyewe, avae Desemba tukija kumbatiza Abeli. Aliishia kwenye koti. Kassian, fundi mwenzake wa duka la pili, alikesha akamalizia vifungo wamzike nalo, ila kitambaa hakikutosha suruali, wakamvika nyeusi. Careen alikata sampuli kwenye masalio kwa sababu ndiyo yalikuwa mezani. Kwa hiyo mita nne zile nilizozungukia Zhongda siku mbili zilikuwa za suruali ya Baba. Nimefika nazo zimechelewa. Nimeziweka juu ya mashine. Nimesema mashine itakaa hapahapa, Careen ajifunze.

Kwenye droo kulikuwa na chaki, miwani, kopo la vifungo na karatasi moja imekunjwa mara mbili. Nakuletea kwa mkono wa Kissa. Haina neno hata moja. Mzee alikuwa anashona sampuli kwanza, ndipo anamwita Careen aandike. Hiyo ndiyo barua aliyokuwa anaianza siku ile. Kitambaa ni kilekile cha kijivu. Hesabu mishono.

Mtunzie Abeli. Narudi tarehe 20 Agosti.

Huku wananipikia samaki kila siku na sijaweza kumeza.

Theophil


Guangzhou, 11 Agosti 2024

Baba Abeli,

Nimehesabu. Mitatu. Nimeipitishia kidole mpaka Abeli akanipokonya karatasi, nikamwacha aishike kidogo naye, maana ni yake.

Jana Jumamosi nilimwachia Hafidha mtoto. Huyo siku hizi hanitanii, ananiletea uji. Nikachukua fimbo yako nikaenda na Mzee Liang. Alishangaa, kisha akanifungia chura. Nilikaa kwenye kigoda chako. Mara ya kwanza na ya pili nilivuta mapema, akanipiga kofi la begani, "Man, man!" Polepole. Mara ya tatu maji yalipopigwa nikafumba macho nikakutaja jina, nikamwacha samaki ageuke, ndipo nikakaza.

Nilimpima kwa futi ya Baba, ile uliyoniachia kwenye msumari. Inchi kumi na nne na nusu. Najua ungesema bado. Wewe ungesema bado mpaka uzeeni. Mimi nikamwambia, "Mteja, umetimia."

Nimekuja naye nyumbani. Mzee Liang alinionyesha: tangawizi juu na chini, mvuke dakika nane, mafuta ya moto juu ya majani ya kitunguu. Nimempelekea Hafidha kipande, kaleta pua yake mwenyewe mlangoni. Vilivyobaki nilikula vyote, peke yangu, taratibu, nikitoa miba. Nimekula na sehemu yako. Maziwa hayakurudi wala sidhani yatarudi, lakini nilishiba, na nililala.

Sasa na wewe kula. Leo, kabla hujakunja barua hii. Careen akuwekee sahani na akae akuangalie.

Hiki hapa ni kipande cha shati la Abeli, lile la njano ulilomnunulia alipozaliwa. Limembana kifuani nikalikata. Amefika inchi kumi na nane, nimempima mara mbili. Uzi mweupe wa kukishonea hapa sikuwa nao, kwa hiyo nimetumia mshipi wako wa kuvulia lu. Ni mgumu, umenichoma kidole. Pini ninazo kopo zima, na sikuigusa hata moja.

Mama Abeli